Mapenzi ya Hiace Kuukuu Yanataka Daftari



Mwenye gari kuukuu huulizwa swali moja popote aendapo: sokoni, msikitini, kanisani, harusini, hata msibani. "Ndugu yangu, hili gari utaliuza lini?" Muulizaji hana nia mbaya. Alikuona umelala chali chini ya gari, grisi imekufika mpaka visigino. Akakuona tena nyuma ya bodaboda, umekumbatia rejeta. Kwa hesabu zake, mtu mwenye akili timamu angekwisha kuliuza, akaongeza chochote, akapata jingine la kueleweka. Nawe unacheka, unamjibu "tutaona," huku ukijua wazi kwamba hakuna cha kuona.

Leo nataka nimtetee mtu huyo anayeulizwa. Nitamtetea kwa masharti, maana kuna mapenzi ya gari yenye akili, na kuna mapenzi ya gari yanayoua watu. Mimi mwenyewe ni mmoja wa hao wapenzi. Ninayo Toyota Hiace ya dizeli iliyotoka kiwandani mwaka 1994, lile umbo ambalo wengi mijini hulijua kwa jina la kipanya. Niliipata kwa mjomba wangu, aliyekuwa akiifanyia biashara ya abiria na mboga, na nimekaa nayo muda wa kutosha kuzijua kelele zake zote, za mvua na za kiangazi.

Njia yake kubwa ni Mombo na Lushoto. Kwa asiyeifahamu, nimweleze. Mombo iko chini, kwenye barabara kuu iendayo Moshi na Arusha, na joto lake si la kusimuliwa. Hapo unaiacha barabara kuu, unaanza kuipanda Milima ya Usambara, unapita Soni penye maporomoko ya maji, mpaka Lushoto mjini ambako watu huvaa masweta. Ni kilomita zisizofika arobaini, lakini katika mwendo huo mfupi barabara hupanda karibu mita elfu moja. Upande huu mwamba, upande ule bonde, na kona hazihesabiki. Magari hupanda na abiria, sukari, saruji na mabati. Hushuka na abiria, kabichi, karoti, viazi na mapeasi.

Sasa shika jambo moja, kwa sababu mazungumzo yangu yote yanalizunguka. Katika mlima ule, unapopanda unaipima injini. Unapokwenda chini unazipima breki. Injini ikikushinda, utalala njiani na kuchekwa. Breki zikikushinda, watakaokuja hawatakuja kucheka. Mapenzi ya gari kuukuu yana mahali pake kwenye kupanda. Kwenye kushuka hayana mahali.

Tuanze na kupanda.

Hiace ya kwanza ilitoka Japani mwaka 1967. Hii ninayoizungumzia ni ya kizazi cha nne, kilichoanza mwaka 1989, na mwaka 2004 kikaja kizazi kingine chenye umbo jipya. Swali la kujiuliza ni hili: gari zima kabisa liliachwaje na wenyewe Wajapani, likaja kuuzwa kwetu? Sababu moja kubwa ni ukaguzi. Sheria ya kule humtaka mwenye gari alipeleke likakaguliwe kwa vipindi maalumu, kwa gharama yake, na kila kilichochakaa kibadilishwe ndipo lirudi barabarani. Gari la familia hukaguliwa kila miaka miwili baada ya mitatu ya kwanza. Gari dogo la mizigo hubanwa zaidi: miaka miwili ya mwanzo, halafu kila mwaka. Mwenye nalo hufika mahali akaona heri aliuze. Na kwa kuwa usukani wa Mjapani uko kulia kama wetu, likapanda meli likashuka Dar es Salaam au Mombasa. Mengine yamefika na maandishi ya Kijapani bado yako mlangoni, jina la duka au la shule ya chekechea, na yanapita nayo Soni hadi leo bila mtu kujua yanasema nini.

Kwa hiyo, msikilizaji, hata hilo unaloliita jipya kwetu lilikuwa kuukuu kwao. Wahenga walitwambia kipya kinyemi ingawa kidonda, na sisi katika magari tunalo hilo. Mtu anauza gari linalompeleka shambani kila siku, anakopa benki, analeta jingine lenye rangi ya kung'aa, halafu anaanza kuvijua vidonda vyake akiwa ndani ya deni.

Nini kinachopendeka katika Hiace kuukuu? Watu hudhani ni mazoea tu. Mazoea yapo, siyakatai. Mle ndani wamepanda mabibi harusi na ngoma zao, imebebwa mizigo ya msiba, amepelekwa mjamzito hospitali usiku. Lakini mazoea peke yake hayamfanyi mtu mzima alale chini ya gari Jumapili mchana. Linalomlaza pale ni jingine: gari lile linajulikana. Unaweza kulielewa lote, tangu bampa ya mbele hadi bomba la moshi, ukiwa na spana zako, macho, masikio na fundi mwaminifu.

Injini ya yangu ni ile inayoitwa 3L, ya sentimeta za ujazo 2,779, isiyo na tabo. Imelala chini ya viti vya mbele. Unainua kiti, injini hiyo hapo inakutazama. Ndiyo maana dereva wa Hiace na abiria wa mbele hukalia joto kutwa nzima. Pampu yake ya dizeli inaendeshwa kwa mkanda na meno, haingojei amri ya kompyuta. Ikiharibika, inaharibika kwa sababu inayoonekana, inayosikika au inayonusika.

Tazama moshi, kwa mfano. Moshi mweusi unakwambia dizeli ni nyingi kuliko hewa: kichujio cha hewa kimeziba, nozeli zimechoka, au kuna mjanja aliyefungua pampu akaongeza mafuta ili gari lipande kwa nguvu. Moshi wa bluu unakwambia oili inaungua, kwa hiyo pistoni na ringi zake, au sili za valvu, zimekwisha. Moshi mweupe usiokatika hata injini ikishapata moto unakwambia maji yanaingia pasipo mahali pake, nenda kaangalie gasketi ya silinda hedi kabla hujaaibika. Dereva aliyekomaa husoma hayo kwenye kioo cha pembeni huku anaendesha, kabla taa yoyote haijawaka kwenye dashibodi.

Magari mapya ya dizeli yana ubora wake. Yanatoa moshi kidogo, yana nguvu, hayanywi sana. Lakini nozeli zake zina matundu madogo mno, zinasukumiwa mafuta kwa presha kubwa mno, na zinatawaliwa na kompyuta. Zinataka dizeli safi. Nasi tunakumbuka tulikotoka: uchakachuaji wa mafuta ulikuwa umefika mahali ambapo mwaka 2011 Serikali ilipandisha kodi ya mafuta ya taa, ili kuyachanganya na dizeli kusilipe tena. Pampu kuukuu ya 3L ilivumilia mengi katika miaka ile. Ya kisasa ikionja mafuta machafu mara moja, mwenyewe anaweza kuuza ng'ombe.

Hapa naingia gereji. Gereji yangu ni mwembe, kopo la oili chafu, benchi la mbao na jeki mbili. Fundi wangu ni mtu mzima, si mwingi wa maneno. Nikifika, hanisalimii kwanza. Ananiashiria nisizime injini, anasimama kando ya gurudumu la mbele, anainamisha kichwa, anasikiliza. Halafu ndipo salamu.

"Mgosi, za huko juu?"

"Njema, Fundi. Shikamoo."

"Marahaba. Hili gari nani kalitoa thamostati?"

"Ilitolewa kabla halijafika kwangu, Fundi. Mjomba aliambiwa lilikuwa linachemsha."

"Sasa mwenye homa kaponywa kwa kuvunjiwa kipimajoto?"

Msikilizaji, jibu lile la fundi lina somo kubwa. Thamostati ni mlango mdogo katika njia ya maji. Injini ikiwa baridi, mlango unafungwa ili maji yasiende kwenye rejeta na injini ipate moto upesi. Yakifika nyuzi 80 hivi, mlango unafunguka. Gari likichemsha, mafundi wengi huku kwetu hukimbilia kuung'oa mlango huo. Kweli sindano inashuka, mwenye gari anafurahi. Lakini chanzo kiko palepale: rejeta imeziba kwa kutu na chumvi za maji ya kisima, au feni imelegea, au pampu ya maji imechoka. Injini sasa inafanya kazi ikiwa baridi asubuhi yote ya Lushoto, oili inakuwa nzito, dizeli haiungui vizuri, na vyuma vinakula vyuma. Siku utakayopakia saruji ukapanda kutoka Mombo saa nane mchana, maradhi yaliyofichwa yatajitokeza na silinda hedi itapasuka. Fundi wangu alifungua rejeta, akaichokonoa na kuiosha, akarudisha thamostati, akaniambia niweke maji ya rangi ya kuzuia kutu badala ya maji ya mtoni.

Fundi wa namna hiyo ndiye nusu ya thamani ya gari kuukuu. Nusu ya pili ni spea. Na hapa niwaambie vijana wanaotamani magari ya ajabu waliyoyaona kwenye simu: gari linalopendeka kwa muda mrefu ni lile linalopendwa na wengi. Hiace inatengenezeka kwa sababu ziko nyingi, na injini kama yake imefungwa pia kwenye Hilux, kwa hiyo chuma unachokitafuta wewe kinatafutwa na watu elfu, na palipo na watafutaji elfu hapakosi muuzaji. Nenda Gerezani, Dar es Salaam. Nenda Kirinyaga Road, Nairobi. Nenda soko la Kisekka, Kampala. Ukifika hata Ghana, mjini Kumasi, utakuta Suame Magazine, eneo zima la magereji na wachonga vyuma wanaoyafufua magari yaliyokwisha kukatiwa tamaa. Gari likiwa la aina ya pekee, hata likiwa zuri vipi, mwenyewe atahangaika na boljointi moja kwa miezi.

Spea nazo zina adabu yake. Kuna orijino, kuna za daraja la pili zinazofaa, kuna zilizotolewa kwenye magari mengine, na kuna feki zilizovaa boksi la orijino. Spea feki ya kitasa cha mlango haina neno. Spea feki ya breki ni jambo jingine, nalo nitalifikia. Kanuni ya fundi wangu ni fupi: chukua ile ya zamani mkononi uende nayo dukani, ziweke pamoja, pima uzito, tazama ukingo na maandishi, na bei ikiwa nzuri kupita kiasi, toka dukani.

Nimefika kwenye daftari. Mpenzi wa gari asiyekuwa na daftari namwita mshabiki. Lisiwe la fahari. Daftari la shule la kurasa 48 linatosha, likae chini ya kiti au kwenye sanduku la dashibodi. Andika tarehe, kilomita, kilichobadilishwa, bei, na jina la aliyekifunga. Basi. Usipoandika, kila ubovu utakuwa mgeni kwako na kila fundi atakuanzishia elimu upya.

Daftari litakufundisha jambo ambalo moyo haukufundishi: matengenezo mengi ni tatizo moja linalorudi. Ukiona umenunua mikanda ya feni tena na tena, acha kuilaumu mikanda. Puli imepinda au beringi imekufa. Ukiona betri mpya zinakufa, tatizo ni altaneta isiyochaji au waya unaovujisha umeme. Ukiona unaongeza maji kila asubuhi na chini hakuna hata tone, yanakwenda ndani ya injini. Ukiona tairi za mbele zinaliwa upande mmoja, tazama tairodi na bushi kabla hujanunua tairi nyingine. Mwenye gari aliyechoka husema "gari hili kila siku bovu." Ukimfungulia daftari, pengine utakuta lina maovu matatu tu, na yote matatu hayajawahi kutibiwa mzizi.

Daftari litakusaidia pia nyumbani. Mama watoto ana haki ya kuuliza fedha zinakwenda wapi. Usimjibu kwa mapenzi, mjibu kwa kurasa. Jumlisheni pamoja ya mwaka mzima: spea, ufundi, oili, na siku ambazo gari lililala bila kuingiza kitu. Upande wa pili andikeni gari jipya lingewadai nini: rejesho la benki kila mwezi, riba, bima kubwa, ushuru. Hapa kwetu gari lililozeeka huongezewa ushuru linapoingizwa nchini. Jirani zetu Kenya hawaliruhusu kabisa gari lililopita miaka minane. Kwa hiyo jipya ni jipya kweli kwa bei. Halafu ulizaneni: lipi linatushinda? Mara nyingi, kwa gari lenye injini nzima na bodi nzima, gereji itakuwa nafuu kuliko benki. Mara nyingine haitakuwa. Siku daftari likisema haitakuwa, mwenye akili hulisikiliza.

Na liko tendo moja ambalo daftari hulisimamia bila huruma: mkanda wa taimingi. Injini hizi za L zina mkanda wa mpira unaozungusha kamshafti kwa kufuatana na kranki. Kwa kawaida hutakiwa kubadilishwa kila kilomita 100,000, na baadhi ya Hiace zina taa yake maalumu kwenye dashibodi. Mkanda huo haukohoi wala haulii. Unakatika tu, valvu zinakutana na pistoni, na injini iliyokuwa nzima asubuhi inakuwa chuma chakavu adhuhuri. Moyo wa mapenzi hauwezi kukukumbusha kilomita. Ukurasa unaweza.

Sasa, msikilizaji, tumekwisha kufika juu Lushoto. Tumepumzika, tumekunywa chai. Tugeuze gari, tuanze kushuka.

Kwenye kushuka nataka uyasahau yote niliyoyasema kuhusu uvumilivu. Injini kuukuu inavumiliwa. Rangi iliyobabuka inavumiliwa. Kiti kilichochanika, kioo kinachopandishwa kwa mkono na kuegemezwa kwa kipande cha mti, redio inayoshika kituo kimoja, vyote vinavumiliwa. Breki, tairi na usukani havivumiliwi. Gari lenye miaka thelathini linatakiwa kusimama kama lenye mwaka mmoja, kwa sababu mtoto anayevuka barabara pale Soni hajui gari lako ni la mwaka gani.

Nieleze yanayoharibika, maana watu wengi hudhani breki ni pedi tu. Kwanza ni mafuta ya breki. Yana tabia ya kufyonza unyevu wa hewa, ndiyo maana inafaa kuyabadilisha kila baada ya miaka miwili hivi, hata kama hayajapungua. Ukiyaacha yakazeeka, siku ya mteremko mrefu yatapata moto, ule unyevu utachemka uwe mvuke, na pedali itazama mpaka sakafuni bila kukamata kitu. Dereva atasema breki zilikatika ghafla. Hazikukatika ghafla.

Pili, nyuma ya Hiace, kati ya bodi na ekseli, kuna valvu inayopima uzito wa mzigo. Gari likiwa tupu, inapunguza nguvu ya breki za nyuma ili matairi yasiteleze. Likijaa, inaziongeza. Ikianza kuvuja, wako mafundi wanaoiruka, wanaunganisha bomba moja kwa moja, kazi imekwisha, leta hela. Gari hilo litasimama vizuri mbele ya gereji. Kwenye lami iliyolowa, likiwa tupu, mkia utataka kutangulia kichwa.

Tatu ni jambo ambalo hata madereva wa siku nyingi hawalijui. Katika injini hizi, pampu inayoipa pedali ya breki wepesi imefungwa nyuma ya altaneta. Altaneta inazungushwa na mikanda ya feni, ileile ya bei ndogo. Mikanda ikikatika unapoteza chaji, unapoteza mzunguko wa maji, na baada ya kukanyaga mara chache pedali inakuwa ngumu kama jiwe. Ukizima injini mteremkoni ili kubana dizeli, matokeo ni hayohayo. Kwa hiyo anayeshuka Usambara gari likiwa limezimwa, au amelitia gia huru, anauza roho za watu kwa nusu lita ya mafuta. Shuka na gia ya pili, iache injini ilishike gari, na breki zitumike kwa vipindi.

Wahenga hawa hawa walisema mchelea mwana kulia hulia yeye. Anayelionea gari huruma, akaogopa kulifungua magurudumu kwa kuwa gharama itapanda, ndiye atakayelia. Na hapa siwaamini hata wakaguzi kwa niaba yangu. Stika ya ukaguzi ya Wiki ya Nenda kwa Usalama ni nzuri na ibandikwe, lakini haijawahi kulishika gari mteremkoni. Kilichoshika ni pedi nene, mafuta mapya na dereva asiyejaza watu mpaka mlangoni.

Nitoe mfano wa mbali kidogo, wa watu waliolipenda basi dogo kuliko sisi. Nchini Brazil, Volkswagen walianza kuunda Kombi mwaka 1957. Ujerumani kwenyewe umbo lile likaachwa, Wabrazil wakaendelea. Kombi ikabeba barua, mikate, wagonjwa, wanafunzi na watalii, na zaidi ya milioni moja na nusu zikaundwa. Mwishoni mwa mwaka 2013 ikasimama. Watu walikuwa bado wanaitaka. Kilichoisimamisha ni sheria: kuanzia mwaka 2014 kila gari jipya lilitakiwa liwe na mifuko ya hewa na breki zisizofunga magurudumu, na umbo la Kombi halikuweza kuyapokea hayo. Wabrazil walihuzunika, wengine wakatoa machozi. Lakini sheria ilikuwa na haki. Kwenye Kombi, kama ilivyo kwenye Hiace yetu, miguu ya dereva iko mbele kabisa, na kati yake na gari linalomjia kuna bati tu. Mapenzi ya taifa zima hayakuongeza unene wa bati lile.

Ndiyo sababu nasema mpenzi wa gari kuukuu lazima ajue pia kusema basi. Dalili za basi si injini. Injini hufunguliwa ikafungwa upya, na Hiace nyingi zimebadilishiwa injini na maisha yakaendelea. Tazama bodi. Hiace si lori lenye chesisi peke yake na bodi peke yake; fremu na bodi vimeungwa pamoja, kwa hiyo kutu ikila sakafu, vizingiti vya milango na pale springi zinaposhikilia, imekula uti wa gari. Chukua bisibisi, chokonoa kwa chini. Ikizama, usikubali kupakwa puti na rangi nzito juu yake. Kuchomelea kipande cha bati jipya juu ya bati lililooza ni kuchomelea juu ya hewa.

Na siku ya kusema basi ikifika, useme kwa uaminifu. Naona tabia moja inayonikera. Gari likishachoka kwa abiria wa kawaida, likishakataliwa na madalali, mara nyingi utalikuta asubuhi limejaa watoto wa shule, wanne wanne kwenye kiti cha wawili. Yaani gari ambalo mtu mzima mwenye nauli yake amelikataa, ndilo tunalowapa watoto wasioweza kukataa. Hapo hakuna utetezi wangu. Gari hilo lipelekwe likavunjwe vipande, na kila kipande kizima kiende kikasaidie Hiace nyingine. Hayo nayo ni maisha mema ya gari.

Namalizia kwa kukuomba mambo matatu, wewe mwenye gari kuukuu unayenisikiliza. La kwanza, kesho nunua daftari, na ukurasa wa kwanza andika kilomita za leo. La pili, mlipe fundi wako haki yake siku ileile, tena mlipe vizuri kwa kazi inayoonekana na kwa ushauri usioonekana. Fundi anayezungushwa malipo hujifunza kuziba mradi gari litoke, na kijana anayejifunza kwake hujifunza hivyohivyo. La tatu, kabla wiki hii haijaisha, fungua magurudumu yote manne, tazama pedi, tazama breki za nyuma, tazama mabomba, badilisha mafuta ya breki kama hukumbuki yalibadilishwa lini. Ukiona spea ya breki ni ghali, acha kupiga rangi mwaka huu.

Baada ya hapo lipende gari lako utakavyo, na wanaocheka wacheke. Ila kama breki zake huziamini kumbeba mama yako mzazi kutoka Lushoto hadi Mombo, usimpakie mama wa mwenzako.